Benchi la Kivulini

Siku mliyoniaga nikistaafu mlinipa kitenge, sufuria la kupikia shughuli na saa ya ukutani. Sufuria nitalitumia. Saa nimeitundika sebuleni kwangu hapa Chang'ombe, ingawa bado sijaelewa mtu aliyeachishwa kuamka alfajiri anapewa saa ya nini. Nawashukuru hata hivyo. Mliniomba pia niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu ya kupima wanawake vijijini, ninyi mnaobaki na gari, siki na kitabu. Nimekaa nikaandika. Habari za vyeo na semina hamtazikuta humu, mwenye hamu nazo faili langu lipo masjala. Nataka kuwaeleza kosa moja nililolifanya kwa nia njema, mama aliyeumia kwa ajili yake, na jinsi wanawake wa kijiji chake walivyolirekebisha wakati sisi wasomi tumekaa tunaandika ripoti.

Mnajua mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nilipoletwa wilaya ya Chamwino nikiwa muuguzi kijana, Kigogo sikukijua hata cha kuombea maji. Siku ya kwanza zahanati akaja bibi mmoja, akanisalimu "Mbukwenyi", nikadhani anataja jina la ugonjwa, nikaanza kuandika kwenye kadi. Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Kiswahili kwake kilikuwa cha kuazima kama kilivyokuwa kwangu, kwa hiyo tulielewana polepole, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Nilizalisha, nilifunga vidonda, nilichoma sindano, miaka ikaenda. Baadaye nikahamishiwa hospitali, kwenye kitengo kipya cha kupima saratani ya shingo ya kizazi, chini ya Mama Tesha.

Wengi wenu hamkumkuta Mama Tesha. Alikuwa mwembamba, mkali, miwani ameifunga kwa kamba ya viatu. Alinifundisha kwamba spekulamu, kile chuma cha kumfungulia mama, huogeshwa kwenye maji ya uvuguvugu kabla haijamgusa mtu. "Ungependa uwekewe wewe hiyo baridi?" alikuwa akiuliza, na jibu alikuwa halisubiri. Alinifundisha kumwambia mama kila ninachotaka kufanya kabla sijakifanya. Alinifundisha pia dakika ya siki. Mnapaka siki, ile ile ya kachumbari, mnasubiri dakika moja, na penye hatari panageuka peupe. Kwa mpimaji dakika ni fupi. Kwa aliyelala kitandani akitazama mabati ni ndefu mno. Mama Tesha aliijaza kwa mazungumzo ya uwele, mbuzi, wakwe, chochote kile isipokuwa ugonjwa. Na kuhusu kitabu cha kuwaandika waliopimwa alikuwa na sheria moja tu: andika ulichokiona, usiandike unachofikiri. Hiyo ya mwisho niliisikia kila wiki, na ndiyo niliyoivunja.

Kijiji ninachotaka kuwaeleza kiko njia ya kwenda Kongwa. Jina nitaliacha, wenyewe wanajijua. Tulikwenda mara ya kwanza na gari lenye spika juu, mwenyekiti wa kijiji akatangaza kutwa nzima kwamba wanawake wote wafike ofisi ya kijiji kupimwa shingo ya kizazi. Walifika watatu, na mmoja alikuwa amekuja kutafuta dawa ya jino. Nikauliza kulikoni. Jibu nilipewa na Mama Chilewa, mama mtu mzima aliyekuwa akiongoza kikundi cha ngoma cha wanawake pale, wale wanaopiga muheme, ngoma za kubana kati ya mapaja.

"Nesi," akaniambia, "mnatuita kwa spika kama mnaita ng'ombe joshoni. Na kinachooshwa ni siri ya mtu. Utakwenda wewe?"

Nikasema ningekwenda. Akaniangalia tu, hakuniamini, na alikuwa na haki.

Basi Mama Tesha akasema kikundi cha ngoma kitusaidie. Tukakaa nao, tukaeleza, wakaelewa kuliko tulivyotarajia, kwa sababu karibu kila mmoja alikuwa na shangazi au jirani aliyekufa akitoka damu na watu wakasema amelogwa. Wakakubali kuwaita wenzao kwa ngoma na kuwa wa kwanza kupimwa, ili wengine waone hakuna anayechinjwa. Tukaandika kwenye ripoti kuwa jamii imeshirikishwa. Niwaambie ukweli wake: tuliwashirikisha kwenye kupiga ngoma. Kwenye kupanga nani apite wapi, akae wapi, atoke vipi, hatukumwita hata mmoja.

Mpangilio niliufanya mimi. Ofisi ya kijiji ilikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza nikaweka kitanda cha kupimia. Cha pili nikaweka mashine ya kugandisha doa kwa baridi mpaka life, ile ya zamani iliyotumia mtungi wa gesi, ambao barabara nzima ulikuwa ukibiringika nyuma ya gari na kutusagia vidole. Mtungi ulikuwa na vituko vyake, kwa hiyo tuliona tupime kwanza wote, halafu tuwashe mashine mara moja na kuwatibu waliokutwa na doa. Aliyekuwa mzima alipewa kadi akaenda zake. Aliyekutwa na doa ilibidi asubiri. Jua la kwetu mnalijua. Nikamwonea huruma mtu atakayekaa juani, nikalibeba benchi mwenyewe nikaliweka chini ya upenu, upande wenye kivuli. Nikajipongeza.

Debora, mama yake Rehema, ndiye aliyeingia wa kwanza. Alikuwa mpigaji hodari kuliko wote kwenye kikundi, mrefu, mcheshi, anayepiga ngoma huku amefumba macho. Aliingia na ngoma yake mkononi, akaiegemeza ukutani, akanitania kwamba Warangi tumemaliza kulima vitunguu sasa tunachungulia Wagogo. Nikacheka. Nikapaka siki. Tukazungumza juu ya binti yake aliyekuwa darasa la sita. Dakika ikaisha nikaona doa jeupe, dogo, limekaa pembeni, la kutibika siku ile ile na mtu akarudi kwake akapika. Nikamweleza hivyo hivyo. Akasema sawa. Akachukua ngoma yake akaenda kukaa kwenye benchi la kivulini, peke yake, kwa sababu alikuwa wa kwanza.

Waliofuata kumi na kitu walikuwa wazima. Wakatoka na kadi, wakasimama uwanjani na wenzao, wakaanza kutazama. Kufikia saa tano kijiji kizima kilikuwa kimejua benchi lile maana yake nini, au kilidhani kimejua. Mmoja akasema wa kivulini wana ukimwi. Mwingine akasema watakatwa kizazi. Mimi nilikuwa ndani nimeinama, sikusikia hata neno. Mama Tesha alikuwa kwenye chumba cha pili anagombana na mtungi.

Saa nane tukatoka kuwaita wa matibabu. Benchini walikuwapo wanawake wawili waliokuwa wamekutwa na doa baadaye, wamejifunika kanga hadi machoni. Pembeni yao ilikuwa imesimama ngoma ya Debora. Mwenyewe hayupo.

"Kasema anakwenda kuangalia mbuzi," mmoja akasema. "Atarudi."

Tulimsubiri hadi jua likashuka. Dereva alikuwa ameshawasha gari, mikono inaniuma, nina njaa. Nikafungua kitabu, kwenye mstari wa Debora, nikaandika kwa kalamu ya wino: Amekataa matibabu. Mama Tesha akasoma juu ya bega langu.

"Umemsikia akisema anakataa?"

"Hapana mama, lakini si ameondoka?"

"Basi andika ameondoka."

Nikasema nitarekebisha tukifika. Tulipofika nikalala. Kesho yake kulikuwa na kijiji kingine. Mwezi uliofuata nilipita pale nikaulizia, nikaambiwa amekwenda kwa dada yake Kongwa kulima. Nikaacha ujumbe, nikaona nimetimiza wajibu wangu. Jamani, ujumbe. Doa lile halikuwa na habari na ujumbe wangu.

Mvua ikanyesha misimu mitatu. Mama Tesha akastaafu, akarudi kwao, na tukapata habari ya msiba wake mwaka uliofuata. Asubuhi moja kliniki nikaona binti amemshika mkono mama mrefu aliyekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Sikumtambua mpaka aliposema jina. Alikuwa akitoka damu tangu wakati wa kuvuna, na kiuno kilikuwa kimemkatalia hata kuibana ngoma. Daktari aliyekuwa zamu akampima, akaomba kitabu cha zamani, akasoma mstari wake kwa sauti mbele ya yule binti: "Huyu alikataa matibabu." Akatikisa kichwa. Rehema akamgeukia mama yake, akamtazama kwa jicho la hasira na la kuumia, lile la mtoto aliyeambiwa kwamba mzazi wake alichagua kumwacha. Debora akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika trei. Mwandiko ulikuwa wangu, na nilinyamaza.

Alipelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, akarudi, ikaonekana imeshasambaa. Nilimfuata kwake siku moja ya mapumziko, kwenye tembe yao, nimebeba sukari na dawa za maumivu. Rehema alikuwa shamba. Tulikuwa wawili tu. Nikapiga moyo konde nikamwuliza.

"Mama Rehema, siku ile kwa nini hukurudi?"

"Nilirudi, nesi."

Nikadhani anachanganyikiwa na dawa.

"Nilirudi mpaka kisimani. Kutoka pale uwanja wote unauona. Nikawaona watu wamejaa, wote wanatazama benchi. Na ngoma yangu pale. Nilipokuwa nimekaa, wifi yangu aliniuliza kwa sauti nimefanya nini huko mpaka nikawekwa pembeni. Mume wangu alisikia kabla sijafika nyumbani." Akajivutia kanga. "Nilikuwa sikatai dawa. Ningekaa wapi kuisubiri?"

Machozi yalinitoka, na yeye ndiye aliyenipa upande wa kanga yake nijifute.

"Mngetukalisha wote," akasema. "Mwenye doa na asiye na doa. Nani angejua?"

Ndivyo alivyosema, kwa maneno machache hivyo. Nimehudhuria semina za kushirikisha jamii nisizozikumbuka idadi, zenye chati na chai ya maziwa, na hakuna hata moja iliyonipa kitu cha maana kama kile. Alifariki kabla mvua hazijaanza. Kwenye mazishi kikundi kilikuja na ngoma zote na hakuna aliyezipiga. Nilimwona Rehema mbali, sikuthubutu kumsogelea.

Baada ya arobaini nikaenda kwa Mama Chilewa. Nikamshika mkono, shikamoo, marahaba, nikamweleza yote, hata la kitabu. Alinisikiliza huku anachambua mlenda. Hakunilaumu, na hakuniliwaza. Akawaita wenzake, tukakaa uani kwake siku nzima, na safari hii kalamu nilikuwa nayo mimi lakini wanaopanga walikuwa wao.

Walianza kwa kulifuta lile la spika. Kila mpigaji akagawiwa nyumba za kwao, aende akae, aongee, kwa Kigogo, na mume wa mtu akiwepo aongee naye pia. Halafu wakaamua kila anayepimwa, awe na doa au asiwe nalo, akitoka aende kukaa kwenye benchi la kivulini, na hakuna anayeondoka mpaka aitwe tena. Wote wangeingia chumba cha pili, mmoja mmoja. Asiye na doa angepewa kadi yake mle ndani, akae kidogo, atoke. Mwenye doa angetibiwa. Mlango mmoja, muda unaokaribiana, uso ule ule. Wakaleta mabenchi ya kanisani na mikeka ya msikitini ili wote waenee.

Likabaki la waume. Mama aliyetibiwa anatakiwa kukaa wiki kadhaa bila kulala na mumewe, na wakasema hapo ndipo siri yote itakapovujia. Mama Chilewa akafikiri, akasema basi kila aliyepimwa akamwambie mumewe kuwa nesi ameagiza wapumzike wiki hizo. Kila mmoja. Wanawake wakacheka mpaka mlenda ukamwagika. Nikawaambia mimi kama mtaalamu agizo hilo sikulitoa. Mama Chilewa akasema kama mtaalamu nisiwe nimelisikia. Tulipokwisha kupima, mwenyekiti wa kijiji alitupigia simu kwamba wanaume wanalalamika kijiji kizima, na kwamba serikali iliangalie suala hili. Nikamwambia tutaliangalia.

Mkubwa wangu wa wakati ule alisema mpango ule unapoteza muda, kuwakalisha wasio na doa bila sababu. Nikamwambia sababu ninayo, imezikwa njia ya Kongwa. Hakupenda nilivyomjibu, lakini aliliachia gari. Siku ile walikuja mpaka tukaishiwa siki, tukatuma mtu dukani. Nilichungulia dirishani saa sita nikaona wanawake wamejaa upenu mzima, wanasukana nywele, wanapeana watoto, wanagombania kivuli. Waliokuwa na doa walikuwamo, na mimi niliyewapima ilinibidi niangalie karatasi kuwajua. Tulipofunga kitabu jioni hapakuwa na mama hata mmoja aliyeondoka bila kuitwa.

Ndivyo tulivyofanya kazi tangu hapo, na watu wa vijiji vya jirani wakaja kuwauliza Mama Chilewa na wenzake, hawakuja kutuuliza sisi. Mashine ya gesi ikaondoka, ikaja ile ndogo ya betri mnayoitumia. Benchi likabaki. Wale wageni kazini mlionishangaa siku ya kwanza, mkaniuliza kwa nini tunawakalisha wazima, nikawajibu kwa mkato kuwa ndio utaratibu, sasa mmejua.

Safari yangu ya mwisho niliomba iwe kijiji kile. Mama Chilewa amezeeka, anatembelea fimbo, lakini alikuwapo amekaa mbele. Wapigaji walikuwa vijana, na katikati yao nikaona mwanamke mrefu anapiga amefumba macho. Ngoma ile niliifahamu. Ana watoto wawili sasa. Zamu yake ilipofika akaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Rehema."

Akapanda kitandani. Nikamweleza kila hatua. Nikapasha chuma. Nikapaka siki, nikatazama saa, nikaanza kumwuliza habari za uwele, na yeye akanikatiza.

"Mama, nataka kukuuliza. Ni kweli mama yangu alikataa?"

Nilikuwa na dakika moja, na nilikuwa nimeikwepa miaka yote hiyo.

"Hakukataa," nikamwambia. "Alikalishwa peke yake mbele ya watu, akashindwa kukaa. Benchi niliweka mimi. Na lile neno kitabuni ni mimi niliyeliandika, nilikuwa nimechoka, nikaliacha. Siku daktari analisoma mbele yako nilikuwapo nikanyamaza. Mama yako alirudi mpaka kisimani, Rehema. Alikuwa anataka kutibiwa."

Alitazama mabati. Nilitegemea atashuka kitandani aondoke, na ningemwelewa.

"Nilimnunia mpaka siku anakufa," akasema. "Nilimpikia, nilimwogesha, na nimemnunia."

"Ulinunia maandishi yangu."

"Basi kayafute."

Kitabu cha serikali hakifutwi, mnajua. Unapiga mstari mmoja, neno la zamani linabaki linasomeka, unaandika ukweli pembeni na kusaini. Wiki iliyofuata nilikwenda masjala, nikakipekua mpaka nikalipata, nikapiga mstari, nikaandika: Hakukataa. Hakuwa na mahali pa kusubiri. Nikasaini jina langu zima. Mtakaokikuta msidhani ni mtu amechezea nyaraka.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Pale kitandani dakika ilikuwa imeisha. Nikavuta taa, nikainama, nikatazama. Nikamwambia nilichokiona kwa sauti ya chini, nikamweleza kinachofuata, akaitikia. Akavaa, akafunga kitenge chake vizuri, akachukua ngoma ya mama yake.

Najua mnataka niwaambie niliona nini. Hata nyumbani kwangu wameniuliza. Alitoka akaenda kukaa kwenye benchi la kivulini, kati ya Mama Chilewa na yule wifi wa mama yake, na wanawake wakasogea kumpisha.